Dau la Bi Tu

Katika saluni ya Pao-yun, pale mjini Chiayi, kwenye uchochoro wa nyuma ya stesheni ya treni, simu ya mezani ilipiga kelele kuliko madraya ya kukaushia nywele. Kila mwanamke aliyekuja kuoshwa nywele alijua zile simu si za wateja. Pao-yun peke yake ndiye aliyeamini amewazuga wote. Akipokea na kusikia sauti laini ya kijana wa benki ikimtaja jina lake lote, alikuwa anatabasamu kwa kioo na kusema kwa sauti ya biashara kwamba ndiyo, Alhamisi nafasi ipo, ni kukunja au kunyoosha? Kijana anamkumbusha malipo ya mwezi, yeye anamshauri kwamba kwa nywele nyepesi kama zake asikubali kupakwa dawa kali. Anakata, anarudi kwenye kichwa alichokiacha na povu, na vichwa vingine vyote vinasoma magazeti kwa bidii ambayo dakika moja kabla haikuwapo.

Ulikuwa mwaka ule magazeti yalipojaa habari za watumwa wa kadi, watu waliochukua kadi ya mkopo ya kwanza kwa sababu msichana mzuri aliwaita mezani kwake nje ya duka, na ya pili ili walipie ya kwanza. Pao-yun alizisoma, akawaonea huruma, akakunja gazeti, akatoa kadi ya tatu kulipia ya pili. Hakuwa mtu wa anasa. Kadi ya kwanza ilinunua viti vitatu vya kuzunguka na kiyoyozi, basi. Kila mwezi alilipa kile kiwango cha chini walichomwandikia, akajiona raia mwema, na kila mwezi deni likanenepa. Akachelewa siku moja, wakamtoza faini. Faini ikaingia ndani ya deni, ikazaa riba, na riba nayo ikakaa humo humo ikajiita deni. Alipopiga simu kuuliza hesabu gani hiyo, aliambiwa abonyeze moja, kisha nne, kisha asubiri kwa kuwa simu yake ni muhimu sana kwao, halafu piano ikapigwa mpaka rangi kwenye kichwa cha mteja ikapitiliza ikawa zambarau. Bahati yake, mteja aliipenda.

Jumatatu ya wiki ile kijana wa benki, aliyejiita Fang, hakumpa nafasi ya kuzungumzia nywele. Alisema harakaharaka, kama mtu anayesoma, kwamba benki imeamua kumsaidia. Akileta yuan laki moja na arobaini elfu kwa mkupuo mmoja, kabla ya benki kufungwa Ijumaa, zilizobaki wanazifuta na faili linafungwa. Asipoleta, faili linakwenda mahakamani, na watakuja watu kubandika karatasi za kukamata mali kwenye viti, vioo na kiyoyozi. Akamtakia siku njema.

Pao-yun alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajizungusha nusu, akajiona kwenye kioo. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya viti. Bila viti angesimama nyuma ya nini?

Pao-yun alimwambia mtu mmoja tu, naye ni Chiu-hsiang, shoga yake wa tangu utoto, aliyeuza wali wa bata mzinga mlango wa tatu. Kumwambia Chiu-hsiang siri si jambo la mtu mwenye akili timamu, Pao-yun alilijua hilo, lakini siri ilikuwa imemkaa kooni na Chiu-hsiang ndiye aliyekuwa karibu. Alimwapisha kwa roho ya marehemu mama yake Pao-yun. Chiu-hsiang akaapa, akalia kidogo, akamwekea bakuli na mafuta ya ziada, akamuuliza kwa nini asingoje upatu wa Ijumaa.

"Ndiyo ninaoungoja," Pao-yun akasema. "Ila lazima niushinde."

Kwa maana upatu wa mtaa ule haukwenda kwa zamu. Walikuwa wanawake kumi na sita, kila mwezi elfu kumi kila mmoja, na fungu lilinunuliwa kwa dau. Anayelitaka anaandika kwenye kipande cha karatasi kiasi anachokubali kupoteza. Mwenye dau kubwa anapokea, na wenzake wote ambao bado hawajapokea wanamlipa elfu kumi kasoro lile dau lake; waliokwisha kupokea, ambao kufikia mwezi huu walikuwa watano, wanalipa elfu kumi kamili. Kwa hiyo ukiweka dau dogo unakosa, na ukiweka kubwa unapata fungu lililokondeana. Kwa kawaida walicheza kwenye mia tatu, mia nne. Pao-yun alikuwa amepiga hesabu mpaka kalamu ikaisha wino: akishinda kwa mia nane, fungu litatosha benki na kubaki chenji ya chai.

Tatizo lilikuwa hiyo mia nane. Miaka miwili nyuma muuza tambi mmoja aliweka dau la elfu moja, akapokea fungu akicheka na kila mtu, na wiki iliyofuata kibanda chake kikakutwa kitupu hata sufuria hamna. Tangu hapo, ukitaja dau kubwa mbele ya wanawake wale, wanakutazama miguuni kama umeshavaa viatu vya safari. Mia nane ilikuwa inanuka. Lakini mia tano ingeweza kushindwa, na kiyoyozi kikaondoka. Akaandika mia nane, akaikunja karatasi mara nne, akaificha ndani ya sidiria, na usiku kucha ikamchoma.

Ijumaa saa saba mchana saluni ilijaa. Kijumbe wa upatu alikuwa Bi Chuang, mjane wa askari wa reli, aliyeendesha kila kitu kana kwamba bado kuna treni ya kuwahi. Aliwapanga wanawake kwenye viti, kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine wakasimama mpaka uchochoroni. Kwa kuwa muda ni mali, watatu walikuwa wanatengenezwa nywele huku wakisubiri. Chiu-hsiang alikuwa amefungwa rola kichwa kizima na dawa ya kukunja imeshapakwa. Pembeni, kwenye kiti bora kabisa, alikaa Bi Tu.

Bi Tu alikuwa na nyumba mbili za kupangisha na hakuwahi kununua mwavuli. Mvua ikinyesha alikuwa anaingia dukani kwa mtu na kusifia bidhaa mpaka ikatike. Alikuja kuoshwa nywele mara moja kwa wiki, alilipa kwa sarafu, na kabla ya kuzitoa alizitazama kila moja kama anayeaga mtoto anayekwenda jeshini. Tangu aingie kwenye upatu hakuwahi kuweka dau. Yeye alikuwa wa kusubiri mwisho, ale madau ya wengine.

Bi Chuang akapitisha kopo la chai tupu. Kila aliyelitaka fungu akatumbukiza karatasi yake, na Pao-yun akashangaa kidogo kuona mikono ilivyokuwa mingi. Mwezi uliopita ni watatu tu walioweka. Leo hata Bi Tu alisimama, akatumbukiza, akarudi kukaa akitazama ukuta.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Pao-yun. Bi Chuang akasoma mia nane, na Pao-yun akainama haraka kufagia nywele ambazo zilikwishafagiwa. Alingoja mguno. Haukuja. Bi Chuang akafungua ya pili, akasogeza miwani, akasoma elfu moja na mia mbili, ya mke wa fundi baiskeli. Ya tatu elfu moja na mia tano, ya muuza maua. Hapo ndipo mguno ulipokuja. Wanawake wakaanza kutazamana miguuni.

Pao-yun aliacha kufagia. Viti vimekwenda, aliwaza, kiyoyozi kimekwenda. Na juu ya hilo, mtaa mzima umefilisika na hakuna aliyeniambia. Ya nne ilikuwa ya Chiu-hsiang: elfu mbili kamili. Pao-yun akamgeukia shoga yake huyo, aliyekula naye wali tangu wana meno ya utoto na anayeijua shida yake senti kwa senti, na Chiu-hsiang akatazama dari kwa rola zote.

Karatasi nyingine tatu zikapanda na kushuka. Bi Chuang alikuwa ameanza kusoma polepole, kama daktari. Akafungua ya mwisho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Elfu tatu," akasema. "Bi Tu."

Draya pekee ndiyo iliyoendelea kunguruma. Mtu akaenda kuizima. Bi Chuang akavua miwani, na kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake akamuuliza Bi Tu kama nyumbani ni salama, kama mzee anaumwa, kama mmoja wa watoto ameingia kwenye kamari. Mke wa fundi baiskeli alikwishaanza kusimulia kwa sauti ya chini kwamba wiki iliyopita alimwona Bi Tu akinunua papai zima, akajua kuna jambo.

"Hakuna anayeumwa," Bi Tu akasema. "Na papai lilikuwa limeoza upande mmoja, nikapunguziwa."

"Sasa elfu tatu za nini, mama?"

Bi Tu akanyoosha kidole kwa Pao-yun bila kumtazama. "Za huyu mjinga. Anadaiwa na benki mpaka kope. Nikasema nichukue fungu mimi nimkopeshe, maana akiweka dau yeye mtaanza kumwita muuza tambi. Nani wenu alikuwa anajua? Hakuna. Mimi nimeambiwa peke yangu, kwa siri."

"Na mimi nimeambiwa peke yangu," akasema muuza maua.

Mke wa fundi baiskeli akasema hata yeye, Jumanne, na aliapishwa. Mwingine akasema Jumatano, akaapishwa mara mbili. Ikawa kama foleni ya kuungama. Kila mmoja alikuwa ameambiwa peke yake, kila mmoja ameona huruma peke yake, na kila mmoja amepanda dau kwa siri ili amshindie Pao-yun fungu asipate aibu. Walipomaliza kuungama wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Chiu-hsiang.

"Niliapa kwa mama yake Pao-yun," Chiu-hsiang akajitetea, "na mama yake mwenyewe alikuwa hawezi kukaa na neno. Atanielewa."

Aliyeanza kucheka alikuwa Bi Chuang. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, ilitoka kama filimbi ya reli, na baada yake saluni nzima ikapasuka. Walicheka mpaka ndoo moja ikatoka chini ya aliyeikalia. Pao-yun alicheka nao, halafu akagundua machozi yake yamebadilika aina, akajifuta kwa taulo la mteja. Wakati wote ule alikuwa anapanga wateja hewa kwenye simu mbele ya watu wanaojua, na wakamwachia heshima yake wakasoma magazeti.

Kisha Bi Chuang akapiga hesabu, na kicheko kikaisha. Kwa dau la elfu tatu fungu lilikuwa limekonda hadi laki na ishirini. Benki ilitaka laki na arobaini. Kwa huruma yao walikuwa wameila ile ile pesa waliyotaka kumpa.

Mtu akasema zirudishwe karatasi, waandike upya, wote waweke sifuri. Bi Chuang akakataa katakata. Karatasi ikishafunguliwa imefunguliwa, alisema. Mwezi huu wakirudia kwa wema, mwezi ujao mtu atataka kurudia kwa ubaya, na hapo upatu umekufa. Hakuna aliyeweza kumpinga. Pao-yun mwenyewe alisema Bi Chuang ana haki.

Saa ilikuwa inakaribia nane. Benki hufunga saa tisa na nusu.

Chiu-hsiang ndiye aliyezungumza, na kwa mara ya kwanza wiki ile alizungumza jambo lenye faida. Aliuliza hizo elfu tatu zilizopungua ziko wapi. Bi Chuang akamwambia asiwe mpumbavu, hazipo, ndiyo maana ya kupungua.

"Zipo," Chiu-hsiang akasema. "Mimi nilikuja na elfu kumi. Umenidai saba. Tatu hizi hapa zimo pochini zinanitazama." Akazitoa, akaziweka kwenye mapaja ya Bi Tu. "Huu si upatu. Hii ni pesa yangu na ninampa ninayemtaka."

Bi Chuang alifikiri, akatafuta kanuni inayokataza, akaikosa. Basi pochi zikafunguka. Noti zikaruka kutoka viti vya nyuma kupita juu ya vichwa vyenye povu, na Bi Tu akazipokea moja moja, akizinyoosha kwenye goti, akilalamika kwamba watu hawajui kutunza noti. Zilipotimia, zikapita kidogo, akalitia fungu lote ndani ya mfuko wa plastiki wa samaki, akamkabidhi Pao-yun.

"Utanilipa kila mwezi elfu kumi," akasema. "Riba sitaki, lakini usinicheleweshe. Nikikupigia simu usiniulize habari za kunyoosha nywele."

Wakatoka mbio. Hakuna aliyewaalika wote, lakini kumi na sita walitoka mlangoni, na skuta zikaanguruma uchochoroni kama harusi imekamatwa na polisi. Pao-yun aliendesha akiwa na aproni, Bi Tu amekaa nyuma yake ameshika mfuko wa samaki kwa mikono miwili. Chiu-hsiang alikuja na rola zake, dawa ikimtiririka shingoni.

Kwenye benki, msichana wa dirishani aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema tawi halishughulikii madeni ya kadi. Lazima waongee na makao makuu, kuna namba ya simu. Pao-yun aliijua namba hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Akapiga pale pale. Bonyeza moja. Bonyeza nne. Piano.

Saa tisa na robo piano ilikuwa bado inaendelea. Mlinzi alianza kutazama mlango. Ndipo Bi Chuang, mtu wa reli, alipoiona mashine ya kutolea namba za foleni, akakumbuka kwamba benki ikishakupa namba haiwezi kufunga kabla ya kukuhudumia. Akabonyeza. Akawasukuma wengine wabonyeze. Muda si muda kila mmoja ameshika namba yake, na chumba kizima cha kungojea kinanuka dawa ya kukunja nywele.

Namba zikaanza kuitwa. Muuza maua alitaka kubadilishiwa noti iwe sarafu, kisha akabadili mawazo akataka sarafu ziwe noti. Mke wa fundi baiskeli aliomba aelezwe akaunti ya akiba ni nini, kuanzia mwanzo. Bi Chuang aliuliza kwa nini kalamu zimefungwa kwa mnyororo na nani alitoa amri. Chiu-hsiang alisogea dirishani, tone la dawa likamdondokea juu ya kaunta, akauliza kama wana bima ya nywele. Pao-yun alisimama katikati amebana simu sikioni, na kila alipowatazama alijiuma mdomo asicheke.

Saa tisa na nusu mlango wa chuma ukashushwa nusu, na meneja akatoka ofisini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye uso mzuri. Aliwaangalia wanawake, akaiangalia mashine ya namba, akaelewa mara moja kwamba asipofanya kitu atakula chakula cha usiku pamoja nao. Akamuuliza Pao-yun anazungumza na nani. Pao-yun akampa simu asikilize. Meneja akasikiliza piano kwa muda, uso wake mzuri ukaanza kuharibika.

"Unasubiri tangu lini, dada?"

"Leo au kwa jumla?" Pao-yun akauliza.

Meneja akaenda mezani kwake, akapiga namba fupi ambayo wateja hawapewi, na kufumba na kufumbua kijana Fang alikuwa kwenye spika, sauti yake imejaa usingizi. Ndiyo, makubaliano yapo. Ndiyo, laki na arobaini. Ndiyo, wanaweza kupokea hapo hapo na kutoa hati. Ilikuwa rahisi hivyo. Bi Chuang akamwambia meneja kwamba kwenye reli mtu angefukuzwa kazi kwa hilo, na meneja, jambo la ajabu, akakubali.

Msichana wa dirishani akafungua mfuko wa samaki kwa ncha za vidole. Mashine ikahesabu, Bi Tu akihesabu nayo kwa midomo, tayari kuikosoa. Muhuri mwekundu ukapigwa kwenye hati ya kumaliza deni. Pao-yun aliishika kwa pembe mbili, wino bado mbichi, akaisoma yote mpaka anwani ya kiwanda kilichoichapa, na hakuna aliyemharakisha. Halafu Chiu-hsiang akapiga kelele kwamba kichwa kinaungua.

Walirudi mbio kuliko walivyokwenda. Pao-yun alimkalisha shoga yake, akafungua maji, akatoa rola ya kwanza. Kilichochomoka hakikuwa wimbi lililoagizwa. Ilikuwa springi. Ya pili springi. Zilipotoka zote Chiu-hsiang alikuwa na kichwa kama koliflawa kubwa jeusi, na saluni nzima ilijishika mbavu, na mwenye kichwa akajigeuza huku na huku kwenye kioo, akasema anaona anafanana na tajiri. Akatuma wali wa bata mzinga uletwe, mabakuli kumi na sita, kwa gharama yake mwenyewe. Watu wa mtaani waliokuwa wanapita wakaingia kuuliza kuna sherehe gani. Wakaambiwa ni siri, kisha wakasimuliwa yote.

Bi Tu alikula bakuli lake hadi punje ya mwisho, akakaa kwenye kiti bora, akaegemeza kichwa nyuma. Siku yake ya kuoshwa ilikuwa kesho, lakini alisema amejaa harufu ya benki. Pao-yun akatia shampuu viganjani. Alimsugua polepole, nyuma ya masikio, kwenye kisogo, pale ambapo watu husinzia bila kupenda, huku kicheko cha wenzake kikizunguka chumba.

"Leo hulipi, Bi Tu," akamwambia.

Bi Tu akafumbua jicho moja. "Unadaiwa na bado unagawa vitu bure? Ndiyo maana walikupata." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu, na bila kuzitazama akaziweka kwenye kiganja cha Pao-yun chenye povu. "Sugua. Na maji yako ni ya moto mno."